Kutambua Sarafu Zenye Kasoro ya Kiwandani: Mwongozo Kamili kwa Mkusanyaji wa Nyanda za Juu Kusini

Sarafu nyingi ninazoletewa na maneno "cheki hii, ina kasoro, ina hela ndefu" hazina kasoro yoyote. Zimeumia mitaani tu. Moja imepitiwa na lori pale Uyole, nyingine imeonja moto wa fundi wa kuchomelea, nyingine imelala kwenye shamba la viazi mpaka ikabadilika rangi. Mwenyewe ameona herufi mbili mbili, au tarehe iliyofutika, au ukingo ulioliwa, na moyoni ameshanunua bodaboda.

Kosa ni lilelile kila mara. Mtu anaanza na ajabu aliyoiona, kisha anatafuta mtandaoni picha inayofanana nayo. Kwa njia hiyo utadanganyika mwaka mzima, maana kasoro na uharibifu vinafanana kwa macho. Kinachovitenganisha ni chuma chenyewe: kimetoka wapi na kimeenda wapi. Fuata hatua kwa mpangilio wake, usirukie ya sita.

## Vifaa vya kuwa navyo kwanza

- Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, kama ya masonara. Zinazokuza mara 40 ziache. Chini yake kila kovu linaonekana muujiza.
- Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma mpaka gramu 0.01. Wanunuzi wa dhahabu Chunya wanazitumia kila siku, waulize wanakonunua.
- Vernia ya kupimia upana na unene. Hata ya plastiki inafaa kuanzia.
- Sumaku ndogo. Ya spika iliyokufa inatosha.
- Taa ya meza yenye shingo inayopinda.
- Kipimapembe cha kwenye mkebe wa hesabu wa mtoto.
- Taulo la kutandika mezani, ili sarafu ikiponyoka isipate kovu jipya.
- Vifuko vidogo vya zipu, vile duka la dawa wanavyotilia vidonge, pamoja na daftari na kalamu.
- Simu yenye kamera inayoweza kupiga kitu cha karibu.

Dawa ya kung'arishia vyuma, ndimu, magadi, majivu na brashi ya waya havimo kwenye orodha hii. Sababu utaikuta hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Elewa sarafu inavyotengenezwa

Kiwandani kuna vitu vitatu vya kukumbuka. Cha kwanza ni kisahani, yaani kipande cha chuma kisicho na picha, kilichokatwa kutoka kwenye bati refu. Cha pili ni mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mmoja chini, iliyochongwa picha kinyume. Cha tatu ni pete inayokizunguka kisahani ili chuma kisitawanyike kikibonyezwa. Sarafu yenye meno ubavuni huyapata kwenye hiyo pete.

Kila kasoro ya kweli imeanzia kwenye kisahani, kwenye muhuri, au kwenye pigo lenyewe. Ukiishika sarafu na huwezi kusema imeanzia wapi kati ya hizo tatu, usiiite kasoro bado.

Kuna faida kubwa hapa ambayo wengi wanaipita. Kasoro ya muhuri hujirudia, kwa sababu muhuri mmoja hupiga sarafu maelfu kwa maelfu kabla ya kutupwa. Kasoro ya kisahani au ya pigo ni ya sarafu ile moja. Kwa hiyo ukipata sarafu mbili za mwaka mmoja zenye alama ileile, mahali palepale, huo ni ushahidi mzito kwamba alama imetoka kwenye muhuri. Kovu la mtaani halijirudii namna hiyo.

## Hatua ya 2: Kusanya kwa wingi, kisha tenga kwa mwaka

Sarafu moja haikufundishi kitu. Unahitaji rundo.

Kwa zinazotumika sasa, watu wako ni wale wanaoshika chenji kutwa: makonda, mama ntilie, wauza mboga wa Mwanjelwa na Sokomatola, wauza magazeti pale Miyomboni Iringa. Nenda na noti. "Kaka, nipe chenji ya elfu kumi, mia mia na jero tupu," na konda mwenye mfuko uliojaa atakushukuru. Ukimaliza kuchambua, zirudishe sokoni.

Kwa za zamani, unakwenda kwa wazee. Shikamoo kwanza, na ukiwa Iringa anza na kamwene, ukae, unywe chai, ndipo uulize. Usifike na lenzi mkononi kama mkaguzi. Senti kumi zenye tundu za Afrika Mashariki, enzi ya Mwingereza, bado zimo kwenye makopo na masanduku ya bati, Tukuyu hata Njombe. Ukiambiwa hapana, aga vizuri. Mara nyingi mtu hukumbuka kopo baada ya wiki mbili.

Mpakani kuna jambo la kujihadhari nalo. Ngwee za Zambia huingia na chenji ya Tunduma, na sarafu za Malawi huingia na ya Kasumulu. Mtu wa Mbeya mjini akikuta sarafu asiyoijua katikati ya mia zake hudhani Benki Kuu imekosea. Soma jina la nchi kabla ya kusoma kitu kingine.

Ukirudi nyumbani, tenga kwa thamani, halafu kwa mwaka. Mafungu ya mwaka ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata.

## Hatua ya 3: Ijue sarafu ya kawaida kabla ya kuitafuta ya ajabu

Chukua sarafu kumi za thamani moja na mwaka mmoja, zilizo safi kiasi. Pima kila moja uzito, upana na unene, uandike. Wastani unaoupata ndio kipimo chako. Nakuambia ufanye hivi badala ya kunakili namba za mtandaoni kwa sababu mbili: mizani ya bei ndogo ina upotofu wake, na sarafu iliyozunguka miaka mingi hupungua kidogo. Ukipima zako kwa mizani yako, upotofu unakuwa uleule pande zote.

Kisha pitisha sumaku. Mia yenye swala na hamsini yenye kifaru na mtoto wake ni stili iliyopakwa shaba ya njano, kwa hiyo hunaswa. Jero yenye nyati, iliyoanza kutumika 2014, ni stili yenye nikeli juu, nayo hunaswa. Mia mbili ya simba wawili ya 1998 ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, haishikwi.

Shilingi moja ndiyo darasa zuri zaidi. Ile ya kwanza ya 1966, yenye Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili, ni shaba na nikeli, na sumaku haiigusi. Ile ya kuanzia 1987 yenye sura ya Rais Mwinyi ni stili iliyofunikwa nikeli, na sumaku huidaka mara moja. Ukikuta shilingi ya miaka ya sitini au sabini inayonaswa, iweke pembeni. Ama ni bandia, ama imepigwa kwenye kisahani kisicho chake, na uzito utakusogeza kwenye jibu.

Jero ina jambo linalochanganya watu. Ukiiinamisha kwenye mwanga, kuna alama iliyofichwa inayobadilika kadiri unavyoigeuza. Hiyo si kasoro. Imewekwa makusudi ili iwe vigumu kughushi.

Umeivuka hatua hii pale ambapo, ukipewa mia ya mwaka wowote gizani, sumaku na mizani vinatosha kukuambia iko sawa au haiko.

## Hatua ya 4: Usisafishe

Ukisugua sarafu unaondoa ngozi yake ya juu, ile yenye ushahidi wa pigo la kiwandani. Mng'ao halisi unatokana na chuma kilivyotiririka chini ya muhuri, na ukizungusha sarafu chini ya taa utauona ukizunguka kama mwale. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa pande zote kwa pamoja, imekufa, na chini ya lenzi ina mistari myembamba ya kitambaa. Hakuna mnunuzi makini atakayeigusa, hata kama kasoro yake ni ya kweli.

Kama kuna tope, iloweke kwenye maji safi yaliyochemshwa yakapoa, au maji yasiyo na madini yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Hakikisha si tindikali, maana chupa zake hufanana na watu huziita zote maji ya betri. Loweka usiku kucha, toa, kausha kwa kugusisha taulo bila kusugua. Kama kuna mafuta au gundi, asetoni safi huyaondoa bila kula chuma. Itumie nje, mbali na jiko la mkaa na kibatari, kwa sababu mvuke wake hushika moto haraka sana.

## Hatua ya 5: Tazama kwa mpangilio mmoja kila mara

Inamisha taa mpaka mwanga uje kutoka ubavuni, karibu usawa wa meza. Mwanga wa juu huficha, wa pembeni hutoa vivuli, na vivuli ndivyo vinavyoonyesha kilichoinuka na kilichozama. Lete lenzi karibu na jicho, kisha ilete sarafu kwenye lenzi.

Anza na ubavu, uzungushe wote. Fuata ukingo, yaani kizingo kilichoinuka kuzunguka uso, halafu tarehe, halafu maandishi herufi kwa herufi, halafu sura au mnyama, mwisho uwanja, yaani eneo tupu linalozunguka picha. Geuza, rudia. Sababu ya kuanza na ubavu ni kwamba wadanganyifu na ajali nyingi huacha alama huko, na utajiokolea muda.

Shika sarafu kwa ubavu, na mikono iwe mikavu. Msimu wa baridi huku kwetu kila mtu ana mafuta mgando mikononi. Nawa kwanza, la sivyo alama ya kidole chako itabaki juu ya Nyerere milele.

## Hatua ya 6: Uliza chuma kimeenda wapi

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tutakaa.

Mstari juu ya uso wa sarafu. Umeinuka au umezama? Muhuri ukipasuka, chuma cha sarafu huingia kwenye ufa, kwa hiyo kwenye sarafu unaonekana mstari *ulioinuka*, mwembamba, wenye kona kona, mara nyingi ukitokea ukingoni. Mkwaruzo ni kinyume: mfereji uliozama, wenye matuta madogo kandokando ambako chuma kilisukumwa. Ukiinamisha sarafu, kivuli kitakuambia. Kipande cha muhuri kikimeguka kabisa ukingoni, sarafu hupata bonge lililoinuka lisilo na picha, na mara nyingi upande wa pili, sehemu inayolikabili, picha inakuwa hafifu kwa sababu chuma kilikimbilia kwenye shimo. Bonge bila udhaifu upande wa pili lipimwe mara mbili. Huenda ni risasi ya fundi redio iliyodondokea hapo.

Herufi au tarehe mbili mbili. Hili ndilo linalowaangusha wengi kuliko yote. Kuna aina tatu, na moja tu ndiyo yenye hadhi.

Aina yenye hadhi hutokea muhuri wenyewe ulipotengenezwa: ulibonyezwa picha zaidi ya mara moja na picha hazikukaa sawa. Kwenye sarafu utaona umbo la pili limeinuka, lina mviringo wake juu, na pembe za herufi zimegawanyika na kuacha pengo dogo. Herufi inakuwa *nene kuliko kawaida*, kwa sababu chuma kimeongezeka.

Aina ya pili hutokea muhuri ulipotikisika baada ya pigo ukaburuta chuma pembeni. Ni kiatu kilichoteleza kwenye tope: alama ya pili ni bapa, iko chini, inang'aa kama ngazi iliyokatwa kwa kisu. Herufi halisi imekuwa *nyembamba kuliko kawaida*, maana ngazi imeibiwa kutoka kwenye herufi. Ipo kwa wingi mno, na haina thamani ya ziada. Sarafu nyingi za "herufi mbili" ninazoonyeshwa ni hizi.

Aina ya tatu ni muhuri uliochoka. Herufi zinavimba, kingo zake zinakuwa ukungu, na uwanja una miale inayokimbilia ukingoni. Nayo ni ya kawaida.

Kipimo ni rahisi: linganisha unene wa herufi na ile ya sarafu ya kawaida ya mwaka uleule, ile uliyoitenga hatua ya tatu. Imenenepa, endelea. Imekonda, irudishe kwenye fungu.

Herufi au namba inayokosekana. Muhuri ukijaa grisi na vumbi, chuma hakiingii kwenye tundu la herufi. Herufi hufifia taratibu, na uwanja pale unabaki laini, sawa na sehemu nyingine. Mtu akiifuta kwa tupa, utaona michirizi na bonde, kwa sababu ili kuondoa herufi amelazimika kuondoa na sakafu yake.

Kivuli cha sura upande usio wake. Mihuri ikigongana bila kisahani katikati, kila mmoja huachia mwenzake alama. Sarafu zinazofuata zitakuwa na mchoro hafifu wa upande wa pili, uliogeuzwa, kwenye uwanja. Ukitaka uhakika, piga picha pande zote mbili, geuza moja kwa programu ya simu kushoto kwenda kulia, ziweke juu ya nyingine uone kama mistari inakutana. Isipokutana, hujapata kitu.

Kipande kilichomegwa ukingoni. Kisahani kikikatwa mahali ambapo bati lilishatobolewa, kinatoka na pengo la mviringo. Kisahani hicho kinapoandaliwa ukingo, hakuna msukumo wa kutosha upande unaolikabili pengo, kwa hiyo ukingo wa upande huo unakuwa hafifu au haupo. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuitafuta. Pia herufi zilizo jirani na pengo hutanuka na kuteremka kuelekea kwenye pengo. Pengo lililokatwa kwa mkasi wa bati au tupa huacha ukingo wa pili ukiwa kamili na herufi zilizokatwa kama mkate.

Picha iliyohama. Kisahani kikiwa hakijakaa katikati, sehemu ya sarafu hubaki tupu na sehemu ya picha hukosekana. Pande zote mbili lazima zieleze hadithi moja. Yenye tarehe inayosomeka inatafutwa zaidi kuliko isiyo na tarehe.

Picha iliyozama na kugeuzwa. Sarafu ikinata kwenye muhuri, inayofuata hupigwa na sarafu badala ya muhuri, na kupata picha iliyozama. Hii ya kweli ni nzuri sana, na ndiyo maana huigizwa kwa kubana sarafu mbili kwenye jiriwa. Iliyobanwa utaijua kwa kuwa picha yake halisi imelala, imebonyea, huku ya wizi ikiwa juu yake.

Pande mbili zisizolingana. Shika sarafu juu na chini kwa vidole viwili, sura ikiwa wima, uizungushe kwa upande. Linganisha na nyingine za aina hiyo. Kama upande wa pili umelala, pima kwa kipimapembe. Chini ya nyuzi 15 wakusanyaji wengi hawajali. Karibu na 90 au 180 ndipo watu wanasogea.

Tundu lisilo mahali pake. Kwa senti kumi na senti tano za Afrika Mashariki, tundu lilitobolewa kwenye kisahani kabla ya pigo. Tundu lililohama kiwandani limekula sehemu ya picha, lakini mdomo wake ni laini, umebanwa na pigo. Lililotobolewa au kupanuliwa mtaani lina mdomo mkali na michirizi ya keekee.

## Hatua ya 7: Ondoa majeruhi

Kabla ya kuandika neno kasoro daftarini, pitisha sarafu kwenye orodha ya ajali za kwetu.

Iliyolazwa kwenye reli ya TAZARA ni pana, nyembamba, imepinda kidogo, na picha zimevutika kuelekea upande mmoja. Uzito wake uko palepale. Watoto wa Mbalizi na Makambako wametengeneza nyingi.

Mia na hamsini zina ugonjwa wake. Koti la shaba likitoboka, stili ya ndani huota kutu, na kutu hupandisha malengelenge. Malengelenge madogo bila kutu yanaweza kuwa ya kiwandani, ila ni ya kawaida na hayana bei. Mia ya kijivu kabisa huleta kelele nyingi: kama ilipigwa bila koti, herufi zake ni kali na uso una mng'ao unaozunguka. Kama imevuliwa koti kwa tindikali, herufi zimekonda, uso ni wa vumbi vumbi, na mizani itakuonyesha pengo.

Iliyoungua hubadilika rangi kwa madoa. Iliyotumika kama washa ya bolti ina duara lililokwaruzwa katikati. Yenye vichwa viwili, tafuta mstari wa kiungo ndani ya ukingo kwa lenzi. Karibu zote ni nusu mbili zilizounganishwa na fundi.

Baki na zilizopita hapa. Zitakuwa chache mno, na hiyo ni dalili kwamba umefanya kazi vizuri.

## Hatua ya 8: Tofauti za mihuri kwenye sarafu za zamani

Tofauti ya muhuri si kosa lazima. Ni mihuri miwili ya sarafu moja isiyofanana, na huku kwetu tuna mfano mzuri kuliko nchi nyingi.

Ukipata hela 20 (heller, sarafu ya Mjerumani) ya 1916 yenye herufi ndogo T, hiyo imepigwa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Fanya mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza rangi ya chuma: zipo za shaba nyekundu na zipo za shaba ya njano. Pili, upande wenye taji: je, taji ni kubwa au dogo? Tatu, upande ulioandikwa 20 HELLER, weka lenzi kwenye herufi L mbili na utazame ncha ya mguu wa kila moja. Kuna muhuri wenye ncha zilizochongoka kwenye L zote, kuna wenye ncha zilizojikunja zote, na kuna wenye L ya pili peke yake iliyojikunja. Andika vyote vitatu, kwa mfano: njano, taji dogo, L zilizochongoka. Mchanganyiko mmoja huwa adimu kuliko mwingine, na mtu asiyeangalia L huuza zote bei moja.

Tahadhari: karakana ile ilipiga kwa haraka, kwa hiyo picha hafifu na zilizohama kidogo ni hali ya kawaida ya sarafu hizo. Usizilipie kama kasoro.

Rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, yenye tembo, nayo ina mihuri miwili: pambo la upande wa kulia huishia chini ya herufi T au chini ya A ya kwanza ya neno OSTAFRIKA. Naitaja ili uijue, ila bandia zake ni nyingi, na sidhani mtu anayeanza anafaa kuigusa bila mtaalamu kuishika kwanza.

Hela nyingine za Mjerumani zina herufi A kwa Berlin na J kwa Hamburg. Za Afrika Mashariki baada ya 1921, tafuta kwa lenzi herufi ndogo: H na KN ni viwanda vya Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Mwaka uleule wenye herufi tofauti ni sarafu mbili tofauti kwenye mkusanyo wako, kwa hiyo usitupe unayodhani ni ya kurudia kabla ya kuitazama.

## Hatua ya 9: Piga picha na uandike

Piga pande zote mbili bila mwanga wa kamera, simu ikiegemea kopo ili isitikisike, halafu piga alama yenyewe karibu, mara mbili, taa ikiwa upande wa kushoto kisha wa kulia. Kama kivuli kimegeuka, kitu kimeinuka au kimezama kweli. Kama hakikugeuka, ni doa la rangi.

Daftarini weka thamani, mwaka, uzito, sumaku, mahali alama ilipo, na chanzo: kisahani, muhuri au pigo. Kwa mahali, tumia namba zilizochapwa kwenye uso wa saa, 12 ikiwa juu. Usiandike kwa saa zetu za kusema, la sivyo 3 yako itasomwa 9 na mtu mwingine.

## Hatua ya 10: Hifadhi dhidi ya unyevu

Kuanzia Novemba mpaka Aprili ukungu na mvua za Mbeya huingia mpaka kabatini, na Tukuyu ni zaidi. Kila sarafu iwe na kifuko chake. Usitumie plastiki laini yenye harufu kali, ile ya PVC. Baada ya muda hutoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Raba bendi na gazeti viweke mbali, na moshi wa jiko pia.

Weka vifuko kwenye kopo lenye mfuniko mzito pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikilemewa, vikaushe juani siku nzima. Mia zako za stili zikague mara kwa mara, ndizo huanza kuota kutu.

## Hatua ya 11: Kabla ya kuuza

Kuharibu makusudi sarafu inayotumika ni kosa la jinai, hivyo "kutengeneza" kasoro ni kujitafutia kesi. Na kuchimba sarafu kwenye maeneo ya kumbukumbu, iwe Kalenga au kwingine, kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Video zinazozunguka WhatsApp zikisema mia mbili ya simba ni milioni kadhaa, zipuuze. Bei halisi ni ile ambayo sarafu ya aina hiyo *imeuzwa*, si ile ambayo mtu ameitangaza. Kwenye minada ya mtandaoni chuja matokeo yaonyeshe zilizokwisha kununuliwa tu. Kampuni za Marekani kama NGC na PCGS huthibitisha sarafu na kuzifunga kwenye kasha, lakini gharama na usafirishaji vinaifaa ile ya Tabora iliyo safi, si mia ya juzi.

Mtu akitaka rupia "inayovuta mchele", yaani inayodaiwa kuwa na nguvu za ajabu, au akiomba kwanza hela ya vipimo, au ya kumleta mzungu kutoka Dar, achana naye hapohapo. Mnunuzi wa kweli huomba picha, uzito na upana, kisha anakuja kuitazama mbele yako, mchana, mahali penye watu. Sarafu haitoki mezani kwenda "kupimwa kidogo hapo nje".